Allan Cormack: aliyepima kilicho ndani bila kukifungua



Wanaofuatilia ukurasa huu wamezoea kunikuta na Ibn Sina au al-Zahrawi, na mhariri wetu alitarajia kwamba katika toleo hili ningemalizia habari za Ibn al-Haytham. Nimemwomba anivumilie. Mtu ninayemleta safari hii hakuwa Muislamu, hakuwa tabibu, na ingawa alifundisha chuo kikuu karibu maisha yake yote hakuwahi kupata shahada ya uzamivu. Alizaliwa Johannesburg na kufariki Marekani mwaka 1998. Na mwaka jana karibu wote, picha zilizotokana na wazo lake zilikuwa zikibebwa ndani ya bahasha kubwa kutoka nyumbani kwetu Cibitoke kwenda hospitali na kurudi. Mara nyingi mbebaji nilikuwa mimi.

Baba yangu mdogo ni seremala. Karakana yake iko uani kwetu, na tangu utotoni nimeamshwa na sauti ya randa. Ana tabia ambayo mafundi wenzake humtania nayo: hanunui ubao kabla ya kuugonga. Huuinua, akaugonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio, kisha akasema huu una fundo, huu umeoza moyo. Mara nyingi husema kweli. Basi alipoanza kukonda na upande wa kulia wa tumbo ukawa unamvuta, alipelekwa kupigwa eko, yaani kile ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita ultrasaundi. Ikaonekana kwamba kwenye ini lake kuna uvimbe wa sentimita 7. Vipimo vya damu vikaonyesha homa ya ini aina ya B, ambayo bila shaka alikuwa nayo miaka mingi asijue.

Jioni ya Ijumaa tulikaa kikao. Baba mkubwa alitaka kiwanja kiuzwe na ndugu yake akapasuliwe upesi, uvimbe utolewe, yaishe. Kisha wote wakanigeukia mimi kwa kuwa nasoma udaktari pale Kamenge. Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba sikujua la kusema, na nilikuwa nimefaulu mtihani wa anatomia!

Siku ya pili yake daktari ndiye aliyetufungua macho. Alitueleza kwamba ini si kama wengu, ambao ukiutoa mtu huendelea kuishi. Bila ini mtu hafiki mbali. Lakini ini lina jambo ambalo viungo vingine vya ndani havina: ukikata sehemu yake, iliyobaki hukua tena, mradi tu iliyobaki iwe ya kutosha kumvusha mgonjwa siku za mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kisu kuna maswali matatu. Je, uvimbe huu ni saratani kweli? Umekaa wapi kulingana na mishipa mikubwa ya damu? Na ukitolewa, litabaki ini kiasi gani? Eko haikuweza kuyajibu yote. Alitaka skana.

Usiku ule nilianza kumtafuta aliyefikiria kwanza kitu kama hicho, nikamkuta Allan MacLeod Cormack.

Alizaliwa tarehe 23 Februari 1924. Wazazi wake walitoka kaskazini mwa Scotland na kuhamia Afrika Kusini muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baba alikuwa mhandisi wa posta, mama mwalimu, na Allan alikuwa kitinda mimba wa watoto watatu. Kazi ya baba iliwahamisha mji hadi mji mpaka alipofariki mwaka 1936, ndipo mama akatulia na wanawe Cape Town. Kijana alipenda nyota. Alitaka kuwa mnajimu, kwa maana ile ya kisayansi, lakini aliona kwamba kazi hiyo haina mkate, akaingia Chuo Kikuu cha Cape Town kusomea uhandisi wa umeme. Baada ya muda mfupi aliuacha akahamia fizikia. Wangapi kati yetu hapa chuoni wana hadithi kama hiyo, wamesomea walichoambiwa kina ajira huku moyo uko kwingine?

Baadaye alikwenda Cambridge, Uingereza, kufanya utafiti chini ya mwanafizikia Otto Frisch. Huko, katika mihadhara ya Dirac, alikutana na mwanafunzi wa Kimarekani aliyeitwa Barbara Seavey. Walitaka kuoana na mfukoni hamkuwa na kitu. Aliandika barua kwa mkuu wake wa zamani Cape Town kuuliza kama kuna kazi, akajibiwa kwamba ipo. Mwaka 1950 alirudi nyumbani akiwa mhadhiri na mume wa mtu, shahada ya uzamivu akaiacha njiani.

Hapa sasa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 1956 mwanafizikia wa hospitali ya Groote Schuur aliacha kazi. Sheria ya nchi ilitaka vitu nururifu vinavyotumika hospitalini visimamiwe na mwanafizikia anayevijua, na katika Cape Town nzima mwanafizikia wa nyuklia alikuwa Cormack. Wakamwomba ashike nafasi hiyo kwa muda, siku moja na nusu kwa wiki, kwa nusu ya kwanza ya mwaka. Hakuomba yeye. Alikuwa anaziba pengo tu, kama mwalimu anayeingia darasa la mwenzake aliyeugua.

Alikaa katika idara ya mionzi akiangalia jinsi wagonjwa wa saratani wanavyopangiwa tiba. Aliona jambo ambalo wenyeji wa kazi walikuwa wamelizoea. Hesabu za kipimo cha mionzi zilifanywa kana kwamba mwili wa mtu ni kitu kimoja, sawasawa kutoka ngozi hadi ngozi. Lakini mwili si hivyo. Mfupa hunyonya mionzi zaidi kuliko nyama, na pafu lililojaa hewa hunyonya kidogo sana. Ili kujua mionzi kiasi gani inafika kwenye uvimbe, akawaza, ni lazima kwanza kuwe na ramani ya ndani ya mtu, nukta kwa nukta, inayoonyesha kila sehemu hunyonya kiasi gani.

Ramani hiyo itatoka wapi? Eksirei ya kawaida, ambayo sisi Bujumbura huiita radio, haitoi. Inatoa kivuli. Mwonzi mmoja unapopita kifuani hukutana na ngozi, nyama, mbavu, pafu, moyo, kisha mgongo, na unapotokea upande wa pili huonyesha jumla tu ya vilivyounyonya. Ni kama mama anayerudi sokoni akakuambia kikapu chote kimegharimu kiasi fulani, wala asikuambie bei ya nyanya ni ngapi na ya vitunguu ni ngapi. Kwa kikapu kimoja hutajua. Lakini ukipewa jumla za vikapu vingi, kila kimoja kimechanganywa kwa namna yake, utakaa na kalamu na mwisho utaipata bei ya kila kitu. Cormack aliona kwamba mionzi ikipitishwa mwilini kutoka pande nyingi, jumla zile zikakusanywa, basi kuna hesabu itakayorudisha ramani. Alitafuta vitabuni mtu aliyeifanya hesabu hiyo asimwone, akaamua kuifanya mwenyewe.

Mwaka uleule alikwenda Harvard kwa likizo ya utafiti, na mwaka 1957 akapata kazi Chuo Kikuu cha Tufts, jimbo la Massachusetts, nchi ya mkewe. Kabla ya kuhamia moja kwa moja alirudi Cape Town kwa muda mfupi, akafanya jaribio la kwanza. Kilichopimwa hakikuwa mtu. Kilikuwa duara la alumini lililozungushiwa pete ya mti wa mwaloni. Alipitisha mionzi ya gama kutoka kwenye kobalti 60, akapima inayotokea upande wa pili, akahesabu. Majibu ya mti na ya alumini yalitoka vizuri, isipokuwa katikati kabisa, ambapo namba zilikataa kukaa sawa. Angeweza kusema ni kosa la kipimo. Badala yake alikwenda kuuliza karakana iliyochonga duara lile. Kumbe mafundi walikuwa wameweka kigingi chembamba katikati, cha alumini iliyotofautiana kidogo na iliyobaki. Hesabu ilikuwa imekiona kigingi ambacho mwenye hesabu hakujua kipo.

Mimi niliposoma hapo niliweka kitabu chini.

Miaka iliyofuata alilifanya jambo hili pembeni, kwa kuwa kazi yake halisi ilikuwa fizikia ya chembe. Mwaka 1963 yeye na mwanafunzi wake David Hennage walifanya jaribio jingine. Walitengeneza pete ya alumini kuwa mfano wa fuvu, ndani yake plastiki kuwa mfano wa nyama, na humo wakaweka visahani viwili vya alumini kuwa mfano wa uvimbe. Vifaa vyote viligharimu dola zipatazo 100. Kompyuta ikatoa ramani, na uvimbe wote wawili ukaonekana mahali pake. Alichapisha makala mbili katika jarida la fizikia, mwaka 1963 na 1964.

Hakuna aliyeshtuka. Kati ya maombi machache ya nakala aliyopokea, lililomfurahisha zaidi lilitoka kituo cha utafiti wa maporomoko ya theluji huko Uswisi, ambako walitaka kupima theluji iliyolala juu ya milima. Madaktari walinyamaza. Mtu mwingine angewalaumu. Yeye aliendelea kufundisha, akawa mkuu wa idara, akachukua uraia wa Marekani mwaka 1966, akalea watoto watatu. Na baadaye sana, katika miaka ya 1970, akagundua kwamba hesabu aliyoitolea jasho ilikwisha kutatuliwa mwaka 1917 na Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, kwa ajili ya hisabati yenyewe tu, bila mgonjwa yeyote akilini.

Wakati huo, upande wa pili wa bahari, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ambayo watu waliijua zaidi kwa santuri za muziki, alikuwa anaifuata njia hiyohiyo kivyake. Mashine yake ilimpiga mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Picha ikauonyesha, mpasuaji akafungua akaukuta. Kwa mara ya kwanza mpasuaji aliingia kichwani mwa mtu akiwa ameshaona anakokwenda. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba, nao si matabibu wote wawili.

Sasa nirudi kwenye ini, kwa sababu mashine ya mwanzo ilikuwa ya kichwa tu, na tumbo ni mtihani mwingine. Kichwa hutulia. Tumbo hupanda na kushuka kwa pumzi. Tena uvimbe wa ini na ini lenyewe hunyonya mionzi karibu sawa, kiasi kwamba kwenye picha tupu unaweza kuupita usiuone.

Kinachousaliti uvimbe ni damu. Ini hupata damu kwa njia mbili: ateri itokayo moyoni, na mshipa mkubwa unaokusanya damu ya matumbo na wengu. Ini zima hutegemea zaidi huo mshipa wa matumbo, kama robo tatu ya damu yake. Saratani inayozaliwa ndani ya ini hujichimbia ateri. Basi mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, na picha hupigwa kwa zamu. Baada ya nusu dakika hivi dawa iko kwenye ateri, na uvimbe huwaka kuliko ini. Baada ya dakika moja na kidogo dawa imefika kwa njia ya matumbo, sasa ini ndilo linalowaka. Baadaye kidogo uvimbe umeshaachia dawa, unabaki mweusi. Kwa mtu mwenye ini la makovu, kuwaka huko na kufifia huko hutosha kuitambua saratani bila hata kuchoma sindano ya kutoa nyama. Swali la kwanza limejibiwa.

La pili lilihitaji ramani ya namna nyingine. Mwaka 1957, mwaka uleule wa duara la alumini, mpasuaji Mfaransa Claude Couinaud alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba ini lina vitongoji vinane, kila kimoja na mshipa wake wa kuingiza damu. Namba zake, moja hadi nane, ndizo zinazoandikwa leo kwenye ripoti ya skana. Mpasuaji akisoma kwamba uvimbe uko cha sita na cha saba, anajua mishipa gani ataifunga. Na la tatu ni la kupima ujazo: kwenye kila kipande chembamba cha picha unachora mpaka wa ini, unapata eneo, unazidisha kwa unene wa kipande, unajumlisha vyote. Makala ya kuonyesha kwamba ujazo wa ini hupimika hivyo kwa uhakika ilichapishwa 1979, mwaka wa ile Nobel. Kwa ini lisilo na makovu wapasuaji hutaka ibaki robo hivi. Kwa ini lenye makovu hutaka karibu asilimia 40.

Na huku kwetu ini lenye makovu ndilo la kawaida kwa wagonjwa hawa. Homa ya ini B iko nyingi, na kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 1971 ulionyesha kwamba mikoa ambayo chakula kilikutwa na sumu hiyo mara nyingi zaidi ndiyo iliyokuwa na saratani ya ini zaidi. Sisemi haya kuwatisha. Angalieni karanga zenu.

Skana ya kwanza ya baba mdogo iliharibika. Mahali tulipoipiga, sitapataja, walipiga zamu moja tu baada ya dawa, na daktari wa picha alipoifungua alitikisa kichwa: uvimbe unaonekana, lakini hausemi wewe ni nani. Tukalipa tena kwingine. Fedha zilitoka kwenye mashine ya kuranda ya umeme, iliyouzwa kwa fundi wa Kinama. Tangu hapo karakana imerudi kwenye randa ya mkono, na mimi huamka mapema zaidi.

Safari ya pili zamu zote zilikuwepo. Uvimbe uliwaka, kisha ukafifia. Daktari wa picha aliniruhusu nikae pembeni yake akichora. Kipande baada ya kipande aliuzungushia mstari upande wa kulia ambao ungelazimika kutolewa, kisha upande wa kushoto ambao ungebaki, na mkono wake haukuwa na haraka. Nilifikiri juu ya vikapu vya sokoni. Kila nukta ya kijivu kwenye kioo kile ni bei iliyotafutwa kutoka jumla maelfu. Mwisho kompyuta ikatoa namba: ingebaki asilimia 31, ya ini lenye makovu.

Kiwanja hakikuuzwa. Mpasuaji alisema kwamba akikata sasa, uvimbe utatoka na mgonjwa atakufa kwa kukosa ini. Baba mkubwa hakuridhika siku hiyo, alihisi tumenyimwa. Ilibidi nimwonyeshe picha mwenyewe, nimhesabie kwa vidole. Ipo njia ya kuuziba kwanza mshipa wa damu wa upande mgonjwa, ili upande wa kushoto upate damu zaidi na ukue kwa wiki kadhaa, kisha upimwe tena. Kwa hilo tumeambiwa tusafiri, na hesabu ya nauli na gharama ndiyo iliyopo mezani sasa. Dawa ya kuzuia virusi ameshaanza.

Cormack alifariki tarehe 7 Mei 1998, huko Winchester, Massachusetts, naye aliuawa na saratani. Nchi aliyozaliwa ilimpa nishani ya Mapungubwe baada ya kufa kwake.

Baba mdogo nilimsimulia habari hizi jioni moja karakanani, amekaa juu ya gogo, mimi nimeshika bahasha. Ya Nobel hayakumgusa. Alinirudisha mara mbili kwenye duara la alumini na pete ya mwaloni, akataka kujua kigingi kilikuwa kinene kiasi gani, na waliochonga walipoulizwa walikiri upesi au walizunguka. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi, akasema kwamba hakuna fundi asiye na kigingi alichokificha mahali. Akaniuliza picha nyingine zitapigwa lini. Nikamwambia ni wiki ya pili baada ya Idi, inshallah. Akauchukua ubao uliokuwa umeegemea ukuta, akaugonga, akainamisha sikio.